Dalili ya Mvua na Hesabu ya Nasibu

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Viktoria tunalijua neno hilo vizuri, kwa maana mawingu ya Ziwa hupanda ghafla, yakatanda juu ya majabali ya Mwanza, na mara nyingine yakateremsha mvua ya kung'oa mapaa, na mara nyingine yakapita kimya bila ya kulowesha hata unyasi. Methali yenyewe haikusema kwamba kila wingu ni mvua. Ilisema kwamba wingu ni dalili, na mwenye busara ni yule ajuaye dalili hiyo ina uzito gani. Elimu ya kupima uzito wa dalili ndiyo tunayotaka kuizungumza hapa. Katika somo la takwimu huwa ni ile sehemu ya kukisia: kutazama kichache kilichopo mkononi, kisha kusema neno la haki juu ya kingi kisichoonekana.

Hatukufundishwa elimu hiyo shuleni. Tulipomaliza sekondari tulijua kutafuta wastani na kuchora nguzo za kulinganisha mavuno, kisha tukaingia katika utumishi wa serikali, ambamo tulijaza majedwali na kuyajumlisha kwa miaka mingi pasipo kuyauliza swali lolote. Jioni tulitunga mashairi. Hatukuona kwamba kazi hizo mbili zina udugu, mpaka mpwa wetu, binti wa dada yetu, alipokuja kukaa nasi Bujora katika likizo yake ya mwezi wa Aprili, akijiandaa kwa mtihani wa hisabati wa kidato cha sita.

Binti huyo alikuwa hodari wa kukokotoa. Lakini masomo yake ya sekondari yameandikwa kwa Kiingereza, na sura ya takwimu alikuwa ameihifadhi kama mtu aimbaye wimbo wa nchi asiyoijua. Usiku mmoja aliweka kalamu chini, akasema, "Mjomba, jibu ninalipata, lakini sijui nimejibu nini. Mwalimu ametupa maswali ya ziada ya kupima dhana, nami nikifika mwisho nashindwa kuandika sentensi moja ya maana. Wewe ni mtu wa maneno. Nisaidie." Tulikitazama kitabu, tukaona aibu, maana hata sisi hatukuwa na sentensi hiyo. Tulimwambia, "Lala, mwanangu. Kesho tutaanza pamoja." Tukakesha na kitabu.

Tulianza na gunia la pamba, kwa kuwa Msukuma wa rika letu hahitaji kuelezwa gunia la pamba. Mkulima afikishapo mzigo wake kwenye chama cha ushirika, mpimaji hawezi kuichambua pamba yote. Hutia mkono, akatoa konzi moja, akaamua kama ni pamba safi au fifi. Konzi hiyo ndiyo sampuli. Wapo wakulima waliojua kwamba mpimaji mvivu hutia mkono mdomoni mwa gunia tu, wakaipanga pamba nyeupe juu na ile chafu chini. Kwa hiyo kosa la mpimaji huyo halikuwa katika udogo wa konzi. Kosa lilikuwa kwamba kila sehemu ya gunia haikupewa nafasi ya kuguswa. Mpwa wetu aliandika pembeni mwa daftari: "Sampuli ichaguliwe kwa nasibu." Alikuwa ameliandika neno hilo mara nyingi kwa Kiingereza, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuliona lina mikono na gunia.

Siku ya pili tulitembea hadi kwenye Kijiji cha Makumbusho. Msomaji asiyepafahamu ajue kwamba Bujora ipo Kisesa, katika Wilaya ya Magu, mwendo wa kilometa 20 hivi kutoka mjini Mwanza kwa barabara iendayo Musoma. Hapo ndipo Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alipoanza katika miaka ya 1950, pamoja na wazee wa Kisukuma, kazi ya kukusanya na kuhifadhi mambo ya kale: viti na ngoma za watemi, vyombo vya waganga, na habari za vyama vya wachezaji. Vyama vikubwa ni viwili, Bagika na Bagalu, na asili yake ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ngoma. Mashindano hayo yanaendelea katika sikukuu ya Bulabo, ambayo huadhimishwa mwezi wa Juni. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja, kimoja upande huu na kingine upande ule, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Upande uliovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Kwa hiyo hapa Bujora watu wamekuwa wakiamua mambo kwa kuhesabu vichwa tangu kabla ya majedwali ya serikali.

Chini ya mwembe tulimkuta mzee mmoja mpenzi wa Bagika. Baada ya maamkizi alitusimulia kwamba alipokuwa kijana kikundi chake kilishinda mashindano 6 mfululizo, naye hakuwa na shaka juu ya sababu: ilikuwa nguvu ya dawa ya mvuto. Mpwa wetu alinitazama kwa macho ya mtu aliyepata swali la mtihani. Hakumbishia mzee, maana hayo si malezi yetu. Tulipofika nyumbani alitafuta sarafu sita, akazitia katika kibuyu.

"Tuseme dawa haina nguvu yoyote," alisema, "na vikundi ni sawa kwa sawa. Basi kila shindano ni kama kurusha sarafu."

Hilo, ndugu msomaji, ndilo lango la elimu yote ya kukisia. Mtu huanza kwa kumpa nasibu nafasi yake: hudhani kwanza kwamba hakuna kitu ila bahati, kisha huuliza kama bahati peke yake ingeweza kuleta jambo lililoonekana. Dhana hiyo ya awali huitwa dhana tete, kwa kuwa imewekwa ili ijaribiwe na ikiwezekana ivunjwe. Sarafu moja ina njia 2 za kuanguka. Sarafu mbili zina njia 4, tatu zina 8, na sita zina 64. Katika njia hizo 64 ni moja tu iletayo ushindi wa mara sita mfululizo kwa Bagika. Tulizirusha sarafu zile sita mara 64 tukiandika kila tokeo. Mara mbili zote sita zililala upande wa kichwa. Upande wa pili hazikulala zote hata mara moja. Hesabu ilituambia tutazamie mara moja kwa kila upande. Bahati huchezacheza, lakini haiendi mbali sana na njia yake.

"Basi mzee ana haki," alisema mpwa wetu. "Moja katika 64 ni jambo la nadra."

Tulimjibu kwa swali: "Usukuma ina vikundi vingapi vya ngoma?" Alinyamaza. Vikundi vikiwa 64, vyote vikicheza kwa bahati tupu, tutazamie kimoja kushinda mara sita za mwanzo, na wazee wa kikundi hicho ndio watakaosimulia. Wazee wa vikundi vingine watasimulia mambo mengine. Isitoshe, mzee wetu alitueleza miaka ile sita, hakutueleza iliyotangulia wala iliyofuata. Ushahidi uliochaguliwa baada ya tukio haupimwi kwa mizani moja na ushahidi uliotajwa kabla.

Na hapo tulimletea habari ya kweli ya nchi yetu wenyewe, ambayo nayo ina sita ndani yake. Kati ya mwaka 1991 na 1994, wakati UKIMWI ulipokuwa ukizizika familia za Kanda ya Ziwa, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na shirika la AMREF na wenzao wa London, walifanya jaribio katika Mkoa wa Mwanza. Walijiuliza: je, magonjwa mengine ya zinaa yakitibiwa vizuri katika vituo vya afya na zahanati za kawaida, maambukizo ya virusi vya UKIMWI yatapungua? Walichukua maeneo 12, wakayaunganisha katika jozi 6 za maeneo yanayofanana. Katika kila jozi walichagua kwa nasibu eneo litakalotangulia kupata huduma bora: wahudumu waliofunzwa, dawa zisizokatika, na usimamizi wa mara kwa mara. Katika kila eneo walichagua, kwa nasibu pia, watu wazima wapatao 1,000 wa umri wa miaka 15 hadi 54, wakawapima damu, wakawapima tena baada ya miaka 2.

Matokeo yalitolewa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet, jina la Heiner Grosskurth likiwa la kwanza katika orodha ya waandishi. Katika maeneo yaliyoboreshewa huduma, watu 4,149 walioanza bila virusi walirudi kupimwa, na 48 kati yao walikuwa wameambukizwa. Katika maeneo ya kulinganisha walikuwa 82 kati ya 4,400. Yaani asilimia 1.2 kwa upande mmoja, na 1.9 kwa upande wa pili. Tulimwambia mpwa wetu afanye kazi ya dhana tete: huduma isingekuwa na faida yoyote, wale 130 wangegawanyika vipi? Alikokotoa akapata takriban 63 upande wa kwanza. Waliopatikana ni 48. Tena katika jozi zote 6, bila ya kukosa hata moja, eneo lenye huduma bora ndilo lililokuwa na maambukizo machache zaidi.

"Sita kwa sita!" alisema. "Kama Bagika."

Ni kama Bagika, ila kwa tofauti iliyo ndiyo somo lenyewe. Jozi zilipangwa kabla, na maeneo yaligawanywa kwa nasibu kabla. Hapakuwa na jozi ya saba iliyofichwa. Nafasi ya bahati kuzielekeza jozi zote 6 upande mmoja, uwe huu au ule, ni 2 katika 64, yaani takriban 3 katika 100. Kwa kuwa wataalamu wamezoea kuweka mpaka wa 5 katika 100, waliikataa dhana kwamba ni bahati tupu. Walikisia kwamba maambukizo yalipungua kwa takriban asilimia 40. Nao, kwa uaminifu, walitaja mipaka ya makisio yao, kwamba upungufu wa kweli ulikuwa kati ya asilimia 21 na 58.

Mipaka hiyo huwakosesha wanafunzi wengi alama. Mpwa wetu alikuwa ameandika kwamba ipo nafasi ya 95 katika 100 kuwa ukweli umo humo. Tulimkumbusha wavuvi wa Ziwa. Tuseme sato amekaa mahali pamoja chini ya jabali, hasogei. Wavuvi 100 wanatupa nyavu 100, kila mmoja kwa ufundi uleule, na nyavu 95 zinamzunguka. Sifa ile ya 95 ni ya ufundi wa kutupa. Wavu wako mmoja, ukiisha kutupwa, ama umemzunguka sato ama haukumzunguka. Alifuta, akaandika upya.

Sasa tuseme jambo lililotufanya tuandike insha hii. Katika Usukuma, kwa miaka mingi, baadhi ya watu wameyahesabu macho mekundu ya mwanamke mzee kuwa dalili ya uchawi, na kwa dalili hiyo wanawake wengi wameuawa. Macho hayo hutiwa wekundu na moshi wa miaka 50 ya kupika kwa kuni, mabua ya pamba na samadi ya ng'ombe. Tulipokuwa kidato cha pili, katika msimu mmoja wa mvua, walifariki watoto watatu katika nyumba mbili jirani na bibi mmoja mjane. Macho yake yalikuwa mekundu. Watu walinong'ona, na waliposita, yupo aliyewakumbusha kwamba lisemwalo lipo. Sisi tuliokuwa na madaftari ya shule tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa ni kukubali. Usiku mmoja nyumba yake ilichomwa moto. Aliokoka, akaondoka kwa miguu na kitenge kimoja, wala hatukumwona tena. Mama yetu naye alikuwa na macho mekundu kwa moshi uleule. Lakini alikuwa na wana wanne wa kiume, na hakuna aliyemtaja.

Tulimsimulia mpwa wetu habari hiyo usiku wa mwisho wa likizo. Alisikiliza, kisha akachora jedwali la visanduku vinne: wazee wenye macho mekundu ambao kwa jirani yao watoto walifariki, wenye macho mekundu ambao kwa jirani yao watoto hawakufariki, wasio na macho mekundu ambao kwa jirani yao watoto walifariki, na wasio na macho mekundu ambao kwa jirani yao watoto hawakufariki. Katika kisanduku cha kwanza aliandika 1. Alingoja tumpe hesabu za visanduku vingine. Hatukuwa nazo. Msimu ule malaria iliua watoto vijiji vizima, hata pale pasipokuwa na kikongwe. Na vikongwe wa macho mekundu walikuwa katika kila kaya, mama yetu akiwa mmojawapo. Hakuna aliyewahesabu.

"Mjomba, jedwali hili halina jibu," alisema.

"Ndivyo, mwanangu. Na wale waliochoma nyumba hawakuwa na zaidi ya hili."

Baada ya hapo hakuhitaji tena kuelezwa makosa mawili ambayo kitabu chake kimeyapa namba. Kosa la kwanza ni kusema kuna jambo hali ni nasibu tu. Ni kumtia hatiani asiye na hatia. Kosa la pili ni kusema hakuna jambo hali lipo. Ni kumwachia mwenye hatia. Hakuna mpimaji awezaye kuyakwepa yote mawili kabisa. Awezalo ni kuamua kabla, kwa kutazama gharama, ni kosa gani aliogope zaidi. Pale ambapo gharama ni roho ya mtu, ule mpaka wa 5 katika 100 ni mlegevu mno.

Wala asidhani mwanafunzi kwamba jaribio moja humaliza neno. Ng'ambo ya magharibi ya Ziwa, katika Wilaya ya Rakai nchini Uganda, watafiti wengine walianza mwaka 1994 kuwapa watu wazima dawa za magonjwa ya zinaa majumbani kila baada ya miezi 10. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 1999, hayakuonyesha upungufu wa maambukizo ya virusi vya UKIMWI. Je, Mwanza walisema uongo? La. Matibabu yalitolewa kwa namna nyingine. Tena Rakai virusi vilikuwa vimekwisha kuenea kwa watu wazima wapatao 16 katika kila 100, na Mwanza kwa wapatao 4 tu. Konzi ya gunia moja hulisemea gunia lake. Kwa sababu hiyo watafiti hawakuacha kuhesabu. Hapa hapa Kisesa, tangu mwaka 1994, kaya zetu zimekuwa zikitembelewa na kuandikwa duru baada ya duru katika mradi uitwao TAZAMA, na jina hilo linafaa.

Mwisho wa yote tulirudi kwenye ile sentensi moja aliyoiomba. Alikuwa ameandika katika zoezi fulani: "Imethibitishwa kwamba hakuna tofauti." Tukamwambia kwamba katika ushairi mizani ikizidi moja, ubeti umeharibika, na huku ni vivyo hivyo. Hakuthibitisha lolote. Alichoruhusiwa kusema ni hiki: "Sikupata ushahidi wa kutosha wa kuikataa dhana kwamba hakuna tofauti." Sentensi ni ndefu zaidi, na haina fahari, lakini haikuvuka hata hatua moja mpaka wa kile alichokihesabu. Laiti mtu mmoja angaliitamka usiku ule wa moto.

Alifanya mtihani wake mwezi wa Mei. Mwezi wa Juni alirudi Bujora kwa ajili ya Bulabo, tukasimama pamoja katikati ya uwanja, ngoma zikilia pande zote mbili na vumbi likipanda. Yule mzee wetu alikuwapo, na Bagika walishinda. Alimjia binti akiwa amejaa furaha, akamwambia, "Umeona dawa?"

Mpwa wetu alipiga goti, akamwamkia, kisha akauliza kwa adabu, "Babu, na mwaka jana ilikuwaje?"

Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akacheka mpaka akashika mkongojo kwa mikono miwili. "Mwaka jana," alisema, "walituchapa."

Binti akafungua daftari, akayaandika yote mawili.